UZI: Kupamba nyumba kwa stensili na kazi za mikono, tukianzia kwenye pindo la khanga

Bandiko la 1. Mleta uzi

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimekuwa nikisoma maswali mengi ya watu wanaotaka kupamba sebule na vyumba vyao bila kuagiza karatasi za ukutani wala kumlipa mtaalamu wa mapambo, na kwa kuwa kazi ya rangi ndiyo inayonipa riziki hapa Tanga, nimeona niyaweke mambo haya mahali pamoja ili anayetaka kujaribu ajue aanzie wapi.

Jambo ninaloliamini, na nitalitetea katika uzi huu wote, ni kwamba nakshi nzuri za kuweka ukutani tunazo tayari majumbani mwetu. Zimo kwenye khanga iliyokunjwa kabatini, kwenye mkeka wa ukili uliosimamishwa nyuma ya mlango, na kwenye milango ya kuchonga ya Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Mji Mkongwe. Stensili, yaani karatasi au plastiki iliyokatwa matundu ya umbo unalolitaka ili rangi ipite humo, ni njia ya kuzihamishia ukutani kwa mkono wako mwenyewe, na haimhitaji mtu aliyejaliwa kuchora. Inamhitaji mtu mwenye subira na vipimo.

Chukua khanga yoyote uitandaze mezani. Ina upana wa takriban sentimita 110 na urefu wa 150, na imezungukwa na pindo pande zote nne. Katikati upo mji, na chini ya mji limeandikwa jina. Tazama jinsi pindo lilivyojengwa: umbo moja linarudiwa kwa nafasi ileile, rangi ni mbili au tatu tu, na kila umbo lina kingo zilizo wazi. Haya ndiyo mambo ambayo stensili inayataka. Ukuta wa sebule nao unaweza kupangwa kwa namna hiyohiyo, pindo likizunguka chini ya dari au usawa wa migongo ya makochi, na mji ukiwa ukuta mtupu wenye rangi moja iliyotulia. Wengi wanaoanza hukimbilia kujaza ukuta mzima kwa maua, kisha wakiweka pazia, zulia na vitambaa vya makochi chumba kinapiga kelele. Mimi huwashauri waanze na pindo, wakae nalo mwezi mzima, ndipo waamue kama mji unahitaji kitu.

Kuhusu umbo la kuanzia, napendekeza korosho. Ni umbo analolijua kila mvaa khanga, lina mkunjo mmoja mzuri, na linafundisha somo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Ndani ya korosho kubwa huwa kuna korosho ndogo, na ndani ya hiyo ndogo kuna kitone. Ukikata mzingo wa nje wote bila kuacha kitu, kila kilichomo ndani kitadondoka mezani na utabaki na tundu moja kubwa. Kwa hiyo lazima uache vishikizo, yaani vipande vyembamba vya milimita 4 au 5 vinavyoiunganisha sehemu ya ndani na karatasi ya nje. Angalia namba zilizopigwa ubavuni mwa malori au kwenye magunia ya kahawa: sifuri imekatika mahali pawili, juu na chini, kwa sababu hiyohiyo. Panga vishikizo vyako viwe sehemu ya nakshi. Kwenye korosho, kimoja kikae kwenye ncha inayopinda na viwili kwenye tumbo, na jicho litaviona kama mishipa ya jani.

Stensili yenyewe unaweza kuikata kwenye manila, kwenye jalada la faili la plastiki au kwenye filamu ya eksirei iliyokwishatumika. Filamu ya eksirei ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inapinda bila kuvunjika, hailoweki, na ukiilowesha kwenye maji yenye jiki ile picha inayeyuka na kutoka, nawe unabaki na plastiki inayoonyesha hadi upande wa pili. Ifanye kazi hiyo nje penye hewa, ukiwa umevaa glavu, na hakikisha jina la mgonjwa limefutika kabisa kabla ya kuikata. Ukitumia manila, ipake rangi ya mafuta pande zote mbili au isugue kwa mshumaa, la sivyo itavimba baada ya kupigwa mara chache.

Kata juu ya kioo kwa wembe mpya au kisu cha karatasi chenye ncha. Anza na matundu madogo, umalizie na makubwa, maana karatasi hupoteza nguvu kadiri unavyoitoboa. Kwenye mkunjo, mkono wenye kisu utulie na mkono wa pili uizungushe karatasi. Mkunjo utatoka laini, wakati anayezungusha kisu hupata kona ndogondogo ambazo zitajirudia ukutani mara zote atakazopiga.

Bandiko la 2. Mleta uzi, naendelea

Sasa tuje kwenye ukuta, na hapa naomba tusiharakishe, kwa kuwa mapambo mengi yanayobanduka hubanduka kwa sababu ya kilichopo chini yake.

Plasta mpya ya sementi iachwe ikauke na kukomaa kwa takriban siku 28 kabla ya rangi, kwa sababu bado ina unyevu na ukali wa sementi unaoharibu rangi. Ukuta wa zamani upanguse kwa kitambaa cheusi, na kitambaa kikitoka na unga mweupe, jua kwamba rangi iliyopo imechoka, hivyo piga msasa, futa vumbi na upake upya kabla ya kuwaza nakshi. Kwetu pwani kuna tatizo la chumvi. Unaona ukuta unatoa unga mweupe kama wa chaki na rangi inainuka malengelenge. Chumvi hiyo usiioshe kwa maji, kwa sababu itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Ikwangue kwa brashi kavu, kisha utafute maji yanapoingilia, kama ni bomba, paa au ardhi, uyazuie kwanza. Wanaoishi katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa wajihadhari zaidi. Kuta zile zinahitaji kupumua, na ukizifunika kwa sementi au rangi ya mafuta unyevu unafungiwa ndani na plasta inaachia. Zipake chokaa, na nakshi nayo ipigwe kwa chokaa iliyotiwa rangi ya unga inayovumilia chokaa.

Ndiyo sababu pia siwashauri watu wa pwani kubandika karatasi za plastiki ukutani. Zinapendeza siku ya kwanza, lakini nyuma yake unyevu hukaa na ukungu huota. Nakshi ya rangi ni utando mwembamba sana, na ikichubuka mahali unarudi na stensili ileile na kuirekebisha palepale.

Pindo lipimwe kwa pima maji au uzi wa chaki. Usilipime kutoka kwenye dari, kwa maana dari nyingi hazikunyooka na pindo litakuumbua. Pima urefu wa kila ukuta, kisha utafute urefu wa nakshi unaogawanyika sawasawa. Ukuta wa sentimita 340, kwa mfano, ukiugawa mara 12 unapata nakshi ya sentimita 28 na milimita 3. Basi chora korosho yako pamoja na nafasi yake ndani ya kipimo hicho. Ukikuta kuta zako hazikubaliani kwa kipimo kimoja, fanya kama khanga inavyofanya: pembeni weka umbo la kona linalojitegemea, nyota au ua, nalo litameza tofauti ya sentimita chache.

Wakati wa kupiga, brashi iwe ya mviringo yenye nywele fupi ngumu, au kipande cha sponji. Ichovye ncha tu, kisha uipigepige kwenye gazeti mpaka iache alama hafifu. Utadhani rangi imekwisha, na hapo ndipo ilipo tayari. Shika brashi wima, uidonoe ukutani kuanzia ukingo wa tundu kuelekea katikati, bila kuiburuza hata kidogo, na usikie mlio mkavu wa nywele zikigusa plastiki. Mlio ukiwa wa maji, rudi kwenye gazeti. Raundi ya kwanza itaonekana dhaifu; iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, urudie. Na usipige nakshi zinazofuatana. Piga ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi mwisho wa ukuta, ndipo urudi kujaza ya pili na ya nne, ili stensili isilalie rangi mbichi.

Bandiko la 3. Mchangiaji, Dodoma

Shukrani kwa uzi huu, mkuu. Mimi ni mpangaji, na mkataba wangu unasema nikiondoka niiache nyumba kama nilivyoikuta. Je, sisi wapangaji tunaweza kufaidika na elimu hii, au ni ya wenye nyumba peke yao?

Bandiko la 4. Mleta uzi

Ndugu yangu, elimu hii ni yenu pia, na kwa mpangaji nasema aache ukuta ashike kitambaa. Nunua amerikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, uifue kwa maji ya moto kwanza ili itoe wanga na irudi yote inayotaka kurudi, halafu uipige pasi. Tandaza gazeti chini yake, bandika stensili kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha udonoe kwa rangi ya vitambaa. Ikishakauka kabisa, pindua upande wa nyuma uipige pasi ya moto bila mvuke kwa dakika chache, kufuatana na maelezo ya kopo, ili rangi ishike na istahimili kufuliwa. Pindo hilo hilo la korosho utaliweka kwenye foronya, kwenye kitambaa cha meza na kwenye pazia, na siku ya kuhama unakunja mapambo yako na kuondoka nayo.

Jambo la pili kwa mpangaji ni ubao. Kipande cha ubao mgumu cha sentimita 60 kwa 60, ambacho ndicho kipimo walichokizoea wachoraji wa Tingatinga, kinatosha kubeba nakshi nzito ya rangi nyingi na kutundikwa kwa msumari mmoja. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alifanya kazi zake zilizompa jina jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya mbao za aina hiyo. Vifaa vyake vilikuwa vya dukani, vya bei ya kawaida, na kazi yake leo inajulikana duniani.

Bandiko la 5. Mchangiaji, Mombasa

Mleta uzi, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mimi nimekulia katika nyumba yenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa plasta, na najua kwamba nakshi za plasta zilichongwa na fundi kwa miezi. Kuichukua nakshi hiyo na kuipiga kwa sponji kwenye ukuta wa tofali ni kuishusha hadhi. Kilicho cha mkono kiachwe kwa mkono.

Bandiko la 6. Mleta uzi

Ahsante sana kwa kulisema hili waziwazi, na naomba nikujibu kwa kirefu kwa sababu hoja yako ina uzito.

Zidaka na plasta za kuchonga za Lamu na Pate ni kazi ya kiwango cha juu kabisa, na mji wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya urithi wa namna hiyo. Mwenye uwezo wa kumlipa fundi wa plasta na amlipe, kwa maana mafundi hao wakikosa kazi ujuzi wao utapotea. Lakini ukisimama mbele ya mlango wa kuchonga na kuutazama kwa karibu, utaona kwamba mnyororo unaozunguka fremu ni pingu moja iliyorudiwa, na ua la yungiyungi lililo chini ni lilelile lililo juu. Fundi hupima na kuchora kwanza kwa rula na bikari, ndipo patasi iguse mbao. Kurudia kwa kipimo kumo ndani ya sanaa yetu tangu zamani, na stensili inafuata mpango huohuo kwa kifaa chepesi zaidi.

Wenzetu Wayoruba wa Nigeria, hasa katika mji wa Abeokuta, wana kitambaa kiitwacho adire eleko. Mafundi hukata stensili kwenye bati jembamba, huipitishia uji mzito wa muhogo juu ya kitambaa, kisha kitambaa huchovywa kwenye rangi ya nili. Palipoguswa na uji hapashiki rangi. Hakuna anayesema kwamba bati lile limeishusha hadhi adire. Limeifanya kazi iende haraka zaidi, na ubunifu umebaki katika kuchora na kukata.

Ninachokubaliana nawe kabisa ni kwamba tusiifanye nakshi ya rangi ijidai ni plasta. Usipake kivuli upande mmoja ili ionekane imechongwa. Nakshi ya rangi iwe bapa, iwe na rangi yake, na isimame kwa uzuri wake.

Bandiko la 7. Mchangiaji, Kigali

Habari za huko. Nimefurahi kuona mnazungumzia kurudia umbo, kwa sababu huku Rwanda tuna imigongo, sanaa ya wanawake wa upande wa mashariki, eneo la Kirehe. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa juu ya ubao kuwa matuta yenye pembe na mistari ya kukunjamana, na kikishakauka hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Je, mleta uzi, stensili inaweza kutoa tuta linaloinuka namna hiyo, au inatoa nakshi bapa tu?

Bandiko la 8. Mleta uzi

Karibu sana, na umenikumbusha kisutu, khanga ya harusi, ambayo nayo inasimama juu ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi hizo tatu zikikaa pamoja hazihitaji ya nne.

Tuta linawezekana. Badala ya rangi tumia puti ya ukutani. Stensili iwe nene, ya milimita 2 au zaidi, kwa mfano kipande cha jalada gumu la plastiki. Ibandike imara, pitisha puti kwa kisu cha kupakia kwa mkupuo mmoja, usawazishe, kisha uinue stensili papo hapo puti ikiwa mbichi, ukiivuta moja kwa moja kutoka ukutani. Ukingoja ikauke itavunjika kingo. Acha ikauke usiku kucha, piga msasa mwepesi, ndipo upake. Maumbo ya pembe na mistari iliyonyooka yanafaa zaidi kuliko maua kwa kazi hii, kwa kuwa puti hainyanyuki vizuri kwenye matundu membamba. Lakini naomba isidhaniwe kuwa hiyo ni imigongo. Imigongo hufinyangwa kwa vidole, na mwenye uwezo anunue ubao mmoja halisi kutoka kwa wanaoijua.

Bandiko la 9. Mchangiaji, Pemba

Mmezungumzia kuta, nami niongeze upande wa ukindu, maana kwetu ndiyo kazi ya mama zetu. Ukili uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili unaweza kushonwa kuzunguka kioo na ukawa fremu nzuri. Kawa za kufunikia chakula, ungo na vipepeo vya kupepea vikipangwa ukutani, kikubwa katikati na vidogo pembeni, vinajaza ukuta wa sebule bila tundu zaidi ya misumari. Angalizo langu ni mawili. Ukindu uliotiwa rangi ya unga hupauka ukikaa kwenye jua la dirishani, na usioanikwa vizuri hushika ukungu wakati wa masika. Uteremsheni mara kwa mara muupige upepo. Na miisho ya ukili ikunjwe na kushonwa kabla ya kukata, la sivyo utafumuka wote.

Bandiko la 10. Mleta uzi

Dada (au kaka, uniwie radhi), umesema la maana. Nami nawaomba wasomaji wanunue kwa wasukaji wenyewe. Fremu ya ukili inayouzwa na msukaji ni kazi ya siku kadhaa za kuchana, kuchemsha rangi, kuanika na kusuka.

Vilevile ukili ni mwalimu mzuri wa stensili. Mistari yake yote ni ya mshazari, na ukiinakili kwenye karatasi yenye miraba unapata pindo la pembetatu ambalo halihitaji kishikizo hata kimoja, kwa sababu kila tundu limesimama peke yake. Anayeogopa mkunjo wa korosho aanze na hili.

Bandiko la 11. Mchangiaji, Morogoro

Samahani, nina maswali mawili ya haraka. Rangi kiasi gani inatosha pindo la chumba kimoja, na je, kuna hatari yoyote kwa watoto? Chumba ninachotaka kukipamba ni cha mwanangu wa miaka miwili, kina sentimita 360 kwa 300, na kuta zake zilipakwa rangi ya mafuta zamani sana kabla hatujanunua nyumba.

Bandiko la 12. Mleta uzi

Naanza na la mtoto, kwa kuwa ndilo zito. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wa umri huo huweka mikono mdomoni, na vumbi la msasa ndilo linalomfikia. Kwa hiyo usipige msasa mkavu kwenye kuta hizo. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, iache mahali pake, ioshe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha uifunike kwa rangi ya awali inayoshika juu ya mafuta na juu yake rangi ya maji. Kama inabanduka, mtoto alale chumba kingine hadi kazi iishe, sehemu zinazobanduka ziloweshwe kabla ya kukwanguliwa, vipande vikusanywe kwenye karatasi ya nailoni, na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Rangi mpya ununue yenye maelezo kwenye kopo kwamba haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa sasa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni.

Kuhusu kiasi, mzunguko wa chumba chako ni mita 13 na sentimita 20. Pindo la upana wa sentimita 20 linakupa eneo la mita za mraba 2.64, na kwa kuwa matundu ya stensili huchukua chini ya nusu ya eneo hilo, utapaka kama mita moja ya mraba na robo. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa raundi moja. Nusu lita inatosha raundi mbili za rangi moja na itabaki ya kurekebishia. Ihifadhi kwenye kichupa chenye mfuniko unaobana.

Kuta zako zimekubaliana vizuri: nakshi ya sentimita 30 inaingia mara 12 kwenye ukuta mrefu na mara 10 kwenye mfupi, kwa hiyo huhitaji umbo la kona. Kwa chumba cha mtoto pindo lishuke, likae usawa wa mita moja kutoka sakafuni ili mwenyewe alione, na litakatizwa na mlango. Anza kupiga kwenye kona iliyo mbali na mlango, uje nalo pande zote mbili kuelekea mlangoni, na kipande kitakachokatika kikatike kwenye fremu. Ukimaliza ukuta wa kwanza, weka picha hapa tuitazame pamoja kabla hujaenda ukuta wa pili.